Kiti cha Maji cha Baba Goodness

Wilbard alipoteza mkono wa kulia kwenye machimbo ya Mwakitolyo, siku baruti ilipolipuka kabla hajatoka ndani ya duara, yaani lile shimo la kuchimbia. Hospitalini waliukata juu kidogo ya kifundo. Mkono wa kushoto madaktari walisema wameuokoa, na kweli ulikuwepo, lakini ulibaki na kidole gumba na vipande viwili vya vidole visivyokunjika, na kiwiko kilichofungwa vyuma ambacho kilifika nusu ya njia kikagoma. Aliweza kunywa chai kwa kukibana kikombe kifuani. Aliweza kupokea simu kwa kuiweka mezani na kuigusa kwa ncha ya pua. Hakuweza kufunga vifungo, kumega ugali, wala kufika nyuma yake mwenyewe.

Hilo la mwisho hakuna aliyeliuliza. Ndugu zake walikuja kumpa pole kutoka Bukombe, wachimbaji wenzake wakaja kutoka Mwakitolyo, wakaleta kuku na mchele, wakamuuliza kama anapata usingizi na kama maumivu yamepungua. Habari ya chooni aliijua mkewe peke yake, Evelina. Kila asubuhi Wilbard aliingia kwenye choo cha ndani, akamaliza, kisha akaita, "Mama Goodness!" Evelina aliacha cherehani yake barazani, akaja na kopo la maji ya uvuguvugu, akamtawaza, akamkausha, akampandisha kaptula, akanawa mikono kwa sabuni na kurudi kushona. Wakati huo hawakuzungumza. Wilbard alitazama ukuta. Evelina aliimba kimoyomoyo wimbo wowote wa kwaya uliomjia, ili asiwaze kitu.

Waliishi hivyo zaidi ya mwaka katika nyumba yao ya Malunga, mjini Kahama, ambayo Wilbard aliijenga mwenyewe enzi za mikono yake.

Mara moja tu Evelina alisafiri. Shangazi yake alifariki Didia, akaenda kuzika, na Paschal, mdogo wake Wilbard, akaja kutoka Ushirombo kukaa na kaka yake. Evelina aliporudi alimkuta mumewe amekonda uso, midomo imemkauka. Paschal akamvuta pembeni.

"Shemeji, kaka hali. Nampikia, anasema ameshiba. Hata maji anayaonja tu."

Evelina alielewa palepale. Hakumuuliza Wilbard kitu. Alisonga ugali, akapika mlenda, akamlisha mpaka sufuria ikaisha, na kesho yake asubuhi akaitwa mapema kuliko kawaida.

Kisha akapata mimba. Ilipokua, kliniki walimwambia kwamba mtoto amelala vibaya, na kwa kuwa Goodness, mtoto wao wa kwanza, naye alizaliwa kwa upasuaji, huyu atazaliwa kwa njia hiyohiyo.

"Utalala wodini siku kadhaa," muuguzi alimwambia. "Na ukirudi nyumbani hakuna kuinama, hakuna kubeba ndoo, hakuna kumuinua mtu. Una wa kukusaidia?"

"Mama yangu atakuja."

"Basi vizuri."

Evelina alirudi nyumbani akilifikiria hilo neno vizuri. Mama yake, Bibi Lusia, angekuja kutoka Didia, angepika, angefua, angemkanda, angemwangalia Goodness. Lakini Wilbard alikuwa mkwewe. Bibi Lusia hakuwahi kukaa na mkwe wake meza moja. Wakikutana kwenye korido, mmoja alirudi nyuma mpaka mwingine apite. Akija Kahama alitumia choo cha shimo kilichoko uani, hata mvua ikinyesha, kwa sababu cha ndani kilikuwa cha mkwe. Mama kama huyo huwezi kumkabidhi kopo. Hata kutaja mkwe na choo mbele yake ilikuwa ni kumtukana.

Angebaki Paschal. Na Evelina alishaona mambo ya Paschal yanavyokwenda: Wilbard angejinyima chakula tena, safari hii kwa majuma.

Wiki hiyo alikuja mteja wake, Raudha, kupimwa gauni. Raudha na mumewe Fikirini walikuwa na duka la vifaa vya ujenzi karibu na stendi. Alizaliwa Tanga, ndoa ikamleta Kahama, na maswali yake hayakuzunguka.

"Mama Goodness," alisema, mikono ameinyanyua, "umenipima kiuno mara mbili na hujaandika. Una nini?"

Evelina akaketi kwenye kigoda, futi ya kupimia shingoni. Akamwambia. Hakuwa amemwambia mtu yeyote, si mama yake, si padri, na alipoanza hakuweza kusimama. Alisema habari ya kopo, ya Paschal, ya upasuaji, ya mama na mkwe.

Raudha alimsikiliza mpaka mwisho. "Kumbe ni hilo tu," alisema.

"Hilo tu?"

"Sikudharau, mwenzangu. Nasema hilo lina dawa. Dukani kwetu kuna kiti cha choo, kinafungwa juu ya sinki lolote la kukalia. Kwa ndani kina kibomba. Ukifungua koki, maji yanakuja kutoka chini yanakusafisha. Mwenye gesti mmoja alikiagiza Dar, kilipofika akasema yeye alitaka cha umeme kinachopuliza na hewa ya moto. Hiki hakina umeme. Ni maji tu."

"Na mkono?"

"Mkono wa nini? Maji ndiyo mkono."

Evelina alicheka mpaka akashika tumbo. Walielewana pale pale kwamba angewashonea mabinti wa Raudha nguo za Idi, na kiti kingekuja.

Kazi ilikuwa kumwambia Wilbard. Alisubiri amalize chai.

"Umemwambia Raudha?" Wilbard aliuliza. Sauti yake haikupanda. Tangu ajali haikuwa imepanda.

"Nimemwambia."

"Sasa mjini wote watajua nani ananisafisha."

"Baba Goodness, walidhani nani? Malaika?"

Wilbard alitazama mlango. Evelina aliona taya zake zinakaza, kama mtu anayetaka kusema jambo kubwa, kisha zikalegea. "Sawa," alisema. "Kilete tukione."

Kililetwa Jumamosi kwenye boksi, na Raudha akamtuma fundi wao wa bomba, Ibrahimu, mtu mnene mwenye pumu kidogo na utani mwingi. Alifungua kiti cha zamani, akafunga kipya, akavuta mpira wa maji kutoka kwenye bomba la karibu kabisa, akazungushia tepu, akasimama akajisifu.

"Haya, tujaribu."

Aliinamia sinki ili aone kibomba kinavyotokeza, akafungua koki. Siku hiyo maji ya mjini yalikuwa yanatoka kwa nguvu, na bomba aliloliunga lilikuwa linatoka moja kwa moja barabarani. Maji yalimpita Ibrahimu sikioni, yakapiga dari, yakarudi chini kama mvua. Goodness, aliyekuwa amesimama mlangoni na kidole mdomoni, alipiga kelele za furaha. Ibrahimu alifunga koki huku akitaja jina la Mungu.

"Hii inaweza kumtoa mtu meno," alisema akijifuta.

"Kwa chini?" Wilbard aliuliza.

Wakacheka wote watatu. Ibrahimu aliukata ule mpira akauunga kwenye bomba la simtanki lililoko juu ya mnara mfupi uani, na maji yakaanza kutoka kwa utaratibu, mstari mmoja mwembamba unaopinda.

Ndipo Wilbard akaketi juu ya kiti, na kaptula yake, ili apime. Koki ilikuwa upande wa kulia, duara dogo la plastiki la kuzungusha kwa vidole. Alijaribu kulizungusha kwa ncha ya mkono wake uliokatwa. Ukateleza. Alijaribu tena, akiukandamiza mpaka ngozi ya kovu ikawa nyeupe. Ukateleza. Akauvusha mkono wa kushoto mbele ya tumbo, na kiwiko kikagoma palepale kilipozoea kugoma. Evelina alitazama sakafu iliyolowa.

"Si neno," Ibrahimu alisema polepole. "Mama atakuwa anafungua koki tu. Anasimama pembeni, anafungua, anafunga. Haangalii hata."

"Hapana," Wilbard alisema.

"Nasema tu..."

"Nimesema hapana. Nipisheni kidogo."

Walitoka wakamwacha. Walimsikia akisogea juu ya kiti, kimya, akisogea tena. Evelina alikuwa anafikiria jinsi ya kumrudishia Raudha boksi lake bila aibu, mara Wilbard akaita, na hakuita Mama Goodness.

"Fundi! Njoo uone goti langu."

Alikuwa ameketi na goti la kulia limetoka nje, likikaribia ile koki kwa upana wa kiganja. "Nifungie kipande cha bomba hapa kwenye koki, kisimame juu kama fimbo. Nikikisukuma mbele kwa goti, kinafungua. Nikikivuta kwa nyuma ya paja, kinafunga."

"Hii plastiki itavunjika, mzee."

"Ikivunjika tutafunga nyingine. Wewe funga."

Ibrahimu alikata kipande cha bomba la inchi, akakipasua kwa chini, akakibana kwenye koki kwa skrubu na waya. Wilbard akasukuma. Maji yakatoka. Akavuta. Yakakata. Akasukuma tena na kuvuta tena, mara nyingi, na kaptula yake ikalowa chapachapa, na hakuna aliyemwambia aache.

Yaliyobaki yalimhusu Evelina. Alimshonea kaptula za lastiki zenye vitanzi viwili kiunoni, kimoja kila upande. Kidole gumba kiliingia kimoja, mkono uliokatwa ukaingia kingine, na kwa kujinyonganyonga kidogo kaptula ilishuka na kupanda. Kwa kujikaushia aliweka kigoda pembeni ya sinki na juu yake taulo nene lililokunjwa. Utakaa pale, alimwambia, kama mtu aliyepumzika, taulo litafanya kazi yake.

Asubuhi ya pili yake ilikuwa Jumapili. Wilbard aliingia chooni, akausukuma mlango kwa bega mpaka ukafunga. Evelina hakwenda kwenye cherehani. Alisimama koridoni, tumbo lake kubwa likigusa ukuta wa pili, na kwa mazoea kopo lilikuwa mkononi.

Kisha akasikia yowe.

Maji ya tangi, ambayo usiku kucha yalipigwa na ubaridi wa mvua ya Desemba, yalikuwa yamemfikia.

"Nije?" Evelina aliuliza.

"Usije!"

"Umeumia?"

"Ni baridi! Usije!"

Wakati huohuo bodaboda ilisimama nje, na Bibi Lusia akaingia uani na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kichwani. Alikuwa ameondoka Didia alfajiri. Alisikia mkwe wake akipiga kelele chooni, akamwona binti yake akiwa na kopo koridoni, mlango umefungwa.

"Mwangaluka, mayu," Evelina alimwamkia haraka kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Kuna nini humo ndani?"

"Hakuna kitu, mama. Baba Goodness anajisafisha."

Bibi Lusia aliushusha mfuko, akajifunga kitenge upya ingawa hakikuwa kimelegea, akageuka akatoka nje. Alikwenda kukaa nyuma ya jiko, mahali ambapo sauti za nyumba hazifiki, akaanza kuchagua mawe kwenye mchele ambao hakuna aliyemwomba auchague.

Ndani, Wilbard alikuwa anajifunza. Aligundua kwamba ukikaa mbele sana maji yanapiga kiuno, yanapanda na shati. Ukikaa nyuma sana yanakwenda pasipohusika kabisa. Ilibidi arudi nyuma mpaka asikie mfuniko umemgusa mgongo, ainamie kushoto kidogo, kisha asogee taratibu, mbele, nyuma, mbele, mpaka maji yenyewe yamwambie kwamba hapa ndipo. Alipopata mahali pake aliyaacha yatoke. Hayakuwa na haraka. Kwa zaidi ya mwaka alikuwa amekaa pale akiwa amebana pumzi, akitamani mtu mwingine amalize upesi. Sasa alivuta pumzi. Alitazama dari, akaona alama ya maji ya jana. Alipotosheka alivuta paja, maji yakakata, akahamia kwenye kigoda, akaketi juu ya taulo kama mtu anayesubiri zamu yake kwa kinyozi.

Kaptula ilimsumbua. Kitanzi cha kulia kilikwama mara mbili. Lakini alitoka, akaufungua mlango kwa kiwiko, shati limelowa mgongoni na nywele za kisogoni zimelowa pia, na hakuna aliyejua zilifikiwaje.

Evelina alimtazama. "Umetakata?"

"Nimetakata."

"Una uhakika? Ngoja niangalie mara moja tu, maana..."

"Usiangalie."

"Baba Goodness, mara hii ya kwanza tu. Kama kuna mahali..."

"Mama Goodness." Alisimama katikati ya korido. "Nimekwambia nimetakata."

Akampita, akaenda kubadili shati. Evelina alibaki na kopo lake. Aliumia, na hakujua kwa nini anaumia, kwani ndicho alichokuwa akikitaka. Aliyamwaga yale maji kwenye ndoo ya mche wa mpapai. Akaenda barazani, akaketi kwenye cherehani, akaweka mguu kwenye pedeli na asiisukume. Kila asubuhi kwa muda wote ule alijua saa hii yuko wapi na anafanya nini, na hakuna mwanamke mwingine chini ya jua angeweza kuifanya kazi ile mahali pake. Sasa kipande cha bomba na kibomba cha plastiki vilikuwa vimeifanya. Machozi mawili matatu yalidondokea kitambaa cha Raudha. Akayafuta kwa kiganja, akasema kwa sauti ya chini, "Mjinga wewe," akashona.

Zilipita siku, mambo yakapata mazoea. Wilbard alijua kwamba asubuhi maji ni ya baridi na lazima ujiandae moyoni, na kwamba mchana, jua likiupiga ule mpira mweusi ukutani, yanatoka ya moto kama chai na inabidi uyaache yamwagike kidogo kabla hujakaa. Mara moja kipande cha bomba kilichomoka, akakaa ndani mpaka alipofaulu kukirudisha kwa mguu, na hakuita mtu. Bibi Lusia hakuuliza lolote. Ila alianza kumsalimia mkwewe kwa sauti iliyochangamka zaidi, akiwa mbali vilevile, na Wilbard aliitikia kutoka ng'ambo ya uwanja, "Shikamoo mama," kama kijana aliyeletwa kutambulishwa.

Januari, Jumapili ya Epifania, Evelina alijifungua mtoto wa kike. Upasuaji ulikwenda salama. Alilala wodini, na kila siku Paschal, ambaye alikuja kusaidia kazi za nje, alimletea uji na habari. "Kaka anakula," alimwambia bila kuulizwa. "Jana kamaliza samaki mzima, akadai na kichwa. Mimi sishughuliki na lolote zaidi ya kumlisha na kumkatia kuni mama yako."

Aliporudi nyumbani Evelina alikuwa anatembea ameinama kama bibi kizee, mkono kwenye kidonda. Mama yake alimkanda miguu na mgongo, akampa uji wa ulezi na supu, akamzuia asiguse hata ufagio. Siku ya kwanza aliivumilia haja. Siku ya pili asubuhi hakuweza kuvumilia tena. Choo cha shimo kilitaka kuchuchumaa, na kuchuchumaa alikuwa hawezi. Akaenda cha ndani, akaketi kwa uangalifu, na alipomaliza alitaka kugeuka afikie kopo, kidonda kikamvuta mpaka akaona nyota.

"Mama!" aliita. Lakini mama alikuwa kisimani kwa jirani. Aliyesikia ni Wilbard.

"Nini?" aliuliza nyuma ya mlango.

"Siwezi kugeuka. Siwezi kuinama kujisafisha."

"Si kipo kiti?"

"Sijawahi kukitumia."

Hilo lilikuwa kweli. Alikiwekea taulo, alikisugua, alikisimamia siku kilipofungwa, lakini hakuwa amekikalia kwa kazi yake. Wilbard akaegemea ukuta wa korido.

"Sikiliza. Rudi nyuma mpaka mfuniko ukuguse mgongo."

"Umenigusa."

"Inamia kushoto kidogo. Kidogo tu, usikivute kidonda. Sasa sukuma ile fimbo kwa goti, polepole. Ni baridi, nakwambia mapema."

Kisha Evelina akalia kwa sauti, "Yesu na Maria!"

"Nilikwambia."

"Baridi gani hii! Na wewe unakaa humu nusu saa!"

"Utaizoea. Sogea mbele kidogo. Bado? Rudi. Ukifika mahali pake utajua, sitaweza kukueleza."

Akafika mahali pake. Wilbard hakumharakisha. Sauti ya maji ilisikika, ndogo na ya mfululizo.

"Baba Goodness," alisema baadaye kutoka ndani.

"Naam."

"Padri anataka jina la mtoto. Nimemwambia Paschal apeleke Epifania."

Wilbard alijitenga na ukuta. "Epifania? Nani kakwambia? Huyu mtoto anaitwa Zipora. Ni jina la mama yangu. Tulishaongea."

"Tuliongea lini? Wewe ulisema, mimi nikanyamaza."

"Basi ukinyamaza si umekubali?"

"Mtoto kazaliwa siku ya sikukuu, nimepasuliwa siku ya sikukuu, niliahidi nikiwa juu ya kitanda pale. Anaitwa Epifania."

"Goodness ulimpa jina wewe!" Sauti ya Wilbard ilipanda. "Wa kwanza umempa wewe, wa pili unampa wewe! Mimi ni mgeni humu ndani?"

"Mama yako jina lake nalipenda, lakini..."

"Hakuna lakini! Mambo yote unaamua wewe, nguo unaamua wewe, fundi unaamua wewe, siri zangu unampelekea Raudha, na jina la mtoto pia! Hapana! Nimechoka!"

Kwenye uwanja, Bibi Lusia alikuwa ameingia na ndoo kichwani. Alisimama, akasikiliza, akageuza akarudi kwa jirani na ndoo imejaa.

Evelina alipozungumza kutoka chooni, sauti yake ilikuwa ya mshangao zaidi kuliko hasira. "Unanifokea."

Wilbard aliduwaa. "Nakufokea," alikubali.

"Hujanifokea tangu ajali."

"Nilikuwa siwezi." Alirudi kuegemea ukuta, akasema kwa sauti yake ya kawaida, akiutazama mlango. "Nikufokee vipi, halafu asubuhi nikuite uje na kopo? Kila ulichosema nilijibu sawa. Hata chumvi ikizidi, sawa. Siku ya Raudha nilitaka kupasua kikombe. Nikasema sawa."

Evelina alilifikiria hilo. Alikumbuka zile sawa zote, moja baada ya nyingine, na kwamba alizichukulia kuwa ni upole uliomjia mumewe baada ya kuumia. Alikuwa hata ameusifia upole huo kwa watu.

"Kwa hiyo chumvi huwa inazidi?" aliuliza.

"Sana."

"Na hukusema."

"Sasa nasema."

Evelina alivuta paja, maji yakakata. Akahamia polepole kwenye kigoda, akaketi juu ya taulo, mkono kwenye kidonda. Alijikuta anatabasamu peke yake na hakutaka ionekane kwenye sauti.

"Ataitwa Epifania," alisema.

"Zipora!"

"Nifungulie mlango, nimemaliza."

Aliufungua kwa kiwiko, akampa bega ashikilie, wakatembea hivyo hadi chumbani, wakibishana hatua kwa hatua, mmoja ameinama, mwingine akimwambia asivute kidonda na palepale akimwambia kwamba ana kiburi cha watu wa Didia. Mtoto alikuwa ameamka na analia.

Alibatizwa Epifania. Wilbard alinuna kanisani, akanuna kwenye chakula cha ubatizo, akanuna mbele ya Raudha na Fikirini waliokuja na zawadi ya beseni, na Evelina akamwacha anune mpaka alipochoka mwenyewe.